Kumwandaa Mtoto kwa Meza ya Kijapani

Mtoto wa Mombasa aliyekulia kwenye sinia huwa ameshajua sehemu kubwa ya adabu za Kijapani kabla hajawahi kushika vijiti vya kulia. Amefundishwa kuvua viatu mlangoni, kunawa, kumngoja mkubwa atie mkono kwanza, kula kilicho mbele yake bila kuvamia upande wa mwenziwe, na kutokidharau chakula hata kama hakimpendezi. Kwa hiyo mzazi au mwalimu anayemwandaa mtoto kwa mwaliko wa familia ya Kijapani, kwa safari, au kwa siku ya utamaduni shuleni, hana haja ya kumtwika orodha ndefu ya makatazo. Wajapani wana jina kwa karibu kila kosa linaloweza kufanywa kwa vijiti, na mtu mzima akiyakariri yote atakula kwa hofu; mtoto hatakula kabisa. Njia iliyo bora, kwa maoni yangu, ni kuyapanga mambo kwa uzito wake. Yapo mawili ambayo hayafanywi kamwe, yapo machache yanayokwenda kinyume na malezi ya Pwani na ambayo ni lazima mtoto aelezwe sababu yake, na yaliyobaki ni mazoea yanayoweza kuja polepole, kwa kuwa Mjapani humsamehe mgeni upesi, na mgeni mdogo humsamehe upesi zaidi.

Nafasi za kuyatumia mafunzo haya si adimu katika mji huu. Kituo cha pili cha makontena katika Bandari ya Mombasa, ambacho awamu yake ya kwanza ilikamilika mwaka 2016, kilijengwa kwa mkopo wa Japani, na barabara ya Dongo Kundu nayo imegharimiwa kwa mikopo ya nchi hiyo, hivyo wahandisi na wataalamu wa Kijapani wamekuwa wageni wetu kwa miaka mingi. Mwaliko ukija, huja kwa familia nzima, na mara nyingi ni watoto wanaotazamwa zaidi.

Mambo mawili ya msiba

Anza na haya, hata kama muda ulio nao ni wa jioni moja tu. La kwanza ni kwamba vijiti havisimamishwi wima ndani ya bakuli la wali. La pili ni kwamba chakula hakipokezanwi kutoka vijiti vya mtu mmoja hadi vijiti vya mwingine.

Yote mawili yanatokana na mazishi. Anapofariki mtu katika familia inayofuata desturi za Kibuddha, na hizo ndizo zinazotumika katika mazishi mengi ya Japani, huwekwa karibu na kichwa chake bakuli la wali uliorundikwa, na vijiti vikasimamishwa katikati ya wali ule. Baadaye mwili huchomwa, kama wafanyavyo Wahindu wa hapa mjini, na karibu Wajapani wote huagwa kwa njia hiyo. Kisha jamaa hukusanyika na kuiokota mifupa iliyobaki kwa vijiti, wawili wawili wakiushika mfupa mmoja kwa pamoja au wakipokezana, na kuitia ndani ya chungu kidogo, wakianza na mifupa ya miguu na kumalizia na ya kichwa ili marehemu asikae kichwa chini. Basi watu wawili wanapokamata kipande kimoja cha kuku kwa vijiti vyao hewani, kila aliyeko mezani hukumbuka siku aliyomzika mzazi wake.

Mtoto wa Pwani huelewa jambo hili akifananishiwa na kafuri. Hakuna ubaya katika kafuri yenyewe, lakini harufu yake ikiingia chumbani wakati watu wanakula biriani, kila aliyewahi kuhudhuria maziko ataacha tonge mkononi. Mtoto wa chini ya miaka saba anatosheka kuambiwa kwamba hivyo ndivyo chakula cha marehemu kinavyowekwa, kwa hiyo walio hai hawafanyi. Mkubwa kidogo aelezwe yote, bila kufichwa habari ya mifupa, kwa sababu mtoto aliyeambiwa tu kwamba jambo ni baya hulisahau pindi mikono yake ikijaa, ilhali aliyeelezwa sababu halisahau, na pengine atawaeleza na wenzake kwa furaha isiyo na kiasi. Mwonye tu kwamba habari hizo hazisimuliwi mezani kwa wenyeji.

Katazo lisilo na mbadala humwacha mtoto akiduwaa, kwa hiyo mfundishe papo hapo la kufanya. Anapotaka kupumzisha mkono, avilaze vijiti juu ya kitegemeo kidogo kinachowekwa mbele ya kila mlaji, ncha zikielekea kushoto. Vikiwa ni vijiti vya mbao vya kutumia mara moja na kitegemeo hakipo, aikunje ile karatasi vilimokuja na kuvilaza juu yake. Kuvilaza kukingama juu ya bakuli si vizuri, kwani huonyesha kwamba mtu hataki tena. Anapotaka kumpa nduguye kipande, akiweke kwenye kisahani cha nduguye, au amsogezee kisahani chake ili mwenyewe achukue.

Kushika vijiti vyenyewe

Vijiti vya Kijapani ni vifupi kuliko vya Kichina na ncha zake zimechongoka, jambo linalosaidia kuwatenganisha samaki na miiba yao. Mtoto akipewa vijiti virefu na butu vya mkahawa wa Kichina atahangaika bure. Wajapani wana kipimo cha zamani ambacho ni rahisi kukitumia nyumbani: mtoto apanue kidole gumba na kidole cha shahada mpaka vifanye pembe mraba, pima umbali kati ya ncha za vidole hivyo, kisha uongeze nusu ya umbali huo. Mwenye sentimita 12 anafaa vijiti vya sentimita 18. Usimpe vijiti vya mishikaki kwa mazoezi, maana ni vyembamba mno na vinachoma. Penseli mbili zisizochongwa zinafaa zaidi kwa siku za kwanza. Na sharti liwe moja tangu mwanzo, kwamba mwenye vijiti mkononi huwa ameketi, hatembei navyo wala hakimbii navyo.

Anza na kijiti kimoja tu. Mtoto akishike kama anavyoshika kalamu, kwa kidole gumba, cha shahada na cha kati, akikamate juu kidogo na si karibu na ncha, kisha aichezeshe ncha juu na chini kana kwamba anaandika namba moja hewani. Afanye hivyo mpaka mkono ulegee. Hapo ndipo umpitishie kijiti cha pili chini ya kile cha kwanza, kikae kwenye bonde lililo kati ya kidole gumba na cha shahada na kiegemee ubavu wa kidole cha pete. Hiki cha chini hakisogei hata kidogo. Kinachofunguka na kufunga ni cha juu peke yake. Karibu makosa yote ya wanaoanza yanatokana na kuvichezesha vyote viwili, au na ncha zisizolingana, na ukiyarekebisha hayo mawili mengine hujirekebisha yenyewe. Japani kwenyewe watoto wadogo hupewa vijiti vyenye pete za kuingizia vidole, na hakuna anayeona haya kuvitumia.

Mazoezi yafanywe kwa vyakula vya nyumbani. Kiazi cha karai kilichokatwa vipande vinne hakitelezi na huvumilia kubanwa. Baada ya hapo kipande cha mkate wa sinia, kisha kaimati, ambayo shira yake huishikiza kwenye vijiti na kumpa mtoto moyo, na mwisho kabisa mbaazi moja moja, akifika huko. Wali uache kwanza. Mchele wa Kijapani ni wa punje fupi na ukiiva hushikana, ndiyo maana huinuliwa kwa vijiti bila taabu, lakini pishori yetu huthaminiwa kwa kuchambuka punje kwa punje, na mtoto akianza nayo atadhani vijiti vimebuniwa ili kumwadhibu. Ukitaka kumzoeza wali, upike laini na wenye maji zaidi ya kawaida.

Akishaweza kuinua chakula, ndipo umweleze makosa madogo. Asizungushe vijiti juu ya sahani akitafakari achukue kipi, asichimbe chini ya chakula kutafuta kinono, asichome kipande kama mshikaki, asivute bakuli kwa vijiti, asimwelekezee mtu vijiti anapozungumza, asilambe ncha zake. Sababu yake ni ile ile tuijuayo kwenye sinia: anayepekuapekua chakula cha wote humfanya mwenziwe asikitamani tena. Chakula cha pamoja kikiwa na vijiti vyake vya kupakulia, mtoto apakue kwa hivyo na kuvirudisha mahali pake kabla ya kushika vyake mwenyewe.

Mkono wa kushoto, bakuli na sauti ya tambi

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu tunamtaka mtoto afanye ugenini yale tunayomkataza nyumbani.

Kwetu mkono wa kushoto hauingii kwenye chakula. Mtoto wa madrasa ameshasoma mafundisho ya Mtume ya kupiga bismillahi, kula kwa mkono wa kulia na kula kilicho mbele yako, na hata asiyesoma madrasa amelelewa katika mji unaoyafuata. Anapokula, mkono wa kushoto hukaa pajani. Kwa Mjapani, mkono wa kushoto uliofichwa chini ya meza ni dalili ya uvivu, kwa kuwa kazi yake ni kulibeba bakuli. Mweleze mtoto kwamba hakuna mgongano: tonge linafika kinywani kwa vijiti vilivyo katika mkono wa kulia, na mkono wa kushoto unashika chombo tu. Ukimwonyesha kwa vitendo mara mbili tatu, wasiwasi wake utaisha. Ukimwachia aligundue mwenyewe mezani kwa watu, atakutazama kwa jicho la kuuliza na atakuwa na haki.

Kubeba bakuli nako kunahitaji maelezo. Bakuli la wali huwekwa upande wa kushoto wa mlaji na bakuli la supu upande wa kulia, na yote mawili huinuliwa hadi karibu na kifua wakati wa kula. Kuinama ukafuata chakula kilipo huonekana huko kuwa ni kula kama mnyama. Mtoto aliinue bakuli kwa mikono miwili kwanza, alikalishe kwenye mkono wa kushoto, vidole vinne vikishika kitako chake na kidole gumba kikigusa ukingo, na hapo ndipo achukue vijiti. Sahani kubwa, ya samaki kwa mfano, haiinuliwi. Vilevile asikinge kiganja chini ya chakula kinachodondoka, ingawa ataona watu wazima wengi wakifanya hivyo. Kisahani kidogo ndicho cha kukingia.

Supu ya miso, ambayo hutengenezwa kwa soya iliyochachushwa na maji yaliyochemshwa kwa mwani au samaki mkavu, haina kijiko. Hunywewa kwenye bakuli lenyewe, na vipande vya tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) na mboga vilivyomo huliwa kwa vijiti. Mtoto akiona bakuli lina kifuniko, akiinue taratibu ili matone yarudi ndani, akigeuze na kukiweka kando, na akimaliza akirudishe kama alivyokikuta.

Kisha iko sauti. Kila mama wa hapa ameshamkemea mtoto aliyevuta chai au uji kwa mlio, na amefanya vyema. Japani, tambi za soba, udon na ramen huvutwa kwa sauti inayosikika hadi meza ya pili, na hakuna anayegeuka kutazama. Tambi hizo mara nyingi huletwa zikiwa katika mchuzi wa moto sana, na kuzivuta pamoja na hewa huzipooza zinapoingia kinywani na kuipandisha harufu ya mchuzi hadi puani. Ruhusa hii ina mipaka, na mtoto aambiwe mipaka yake kabla ya kuambiwa ruhusa, maana akishasikia kwamba kuna nchi ambako kula kwa kelele si kosa hatasikia kingine. Ni ya tambi peke yake. Haihusu wali, haihusu kutafuna huku mdomo ukiwa wazi, haihusu kucheua, na haivuki mlango wa nyumba ya bibi yake. Wala si lazima: anayezila kimya hakosi adabu.

Tangu mlangoni hadi kuanza kula

Viatu huvuliwa mlangoni, jambo ambalo halihitaji somo, ila baada ya kuvua vigeuzwe ncha zielekee nje ili mtu akitoka avivae moja kwa moja. Mwenyeji hutoa sapatu za ndani. Sapatu hizo huvuliwa mtu anapofika kwenye chumba kilichotandikwa tatami, yaani mikeka minene ya majani, ambayo hukanyagwa kwa soksi au kwa miguu mitupu tu, na chooni huwa kuna sapatu nyingine ambazo hazitoki humo. Watoto husahau kuzibadilisha wakitoka chooni, na hilo ndilo kosa linalowachekesha wenyeji kuliko yote. Soksi ziwe safi na zisiwe na tundu.

Katika chumba cha tatami watu hukaa chini mbele ya meza fupi. Mkao wa heshima ni wa kupiga magoti na kukalia visigino, karibu na ule wa mtu aliye katika tahiyatu, kwa hiyo mtoto anayesali huuweza bila kufundishwa. Miguu ikifa ganzi anaweza kuomba radhi na kukaa mkao mwingine. Jambo la kuepuka ni kuinyoosha ikawaelekea watu. Asichague mahali pa kukaa. Mahali pa mgeni wa heshima kwa kawaida ni mbali na mlango, na mtoto anayekimbilia hapo humweka mwenyeji katika tahayuri, kwa hiyo angoje aonyeshwe.

Kitambaa chenye unyevu kikiletwa, cha moto au cha baridi kulingana na msimu, ni cha kufutia mikono. Hakifuti uso, hakifuti meza. Vinywaji vikija, mtu huangalia glasi ya mwenziwe kabla ya yake, na mtoto anayemmiminia mkubwa chai ya shayiri kwa mikono miwili atasifiwa jioni nzima.

Kabla ya kula, wote husubiri mpaka kila mmoja awe na chakula chake, kisha huinamisha kichwa kidogo, viganja vikiwa vimekutana mbele ya kifua, na kusema kwa pamoja: itadakimasu. Ni neno la kupokea kwa unyenyekevu, linalowahusu aliyepika, aliyelima, aliyevua na hata kiumbe kilicholiwa. Kulitamka hakumpi shida mtoto wa Kiswahili, ila irabu ya mwisho karibu haisikiki. Wapo wazazi wanaosita juu ya ile ishara ya viganja kwa kuwa inafanana na ya ibada. Kwa mtazamo wangu hakuna sababu ya kumlazimisha mtoto: apige bismillahi yake kimoyomoyo au kwa sauti ndogo, ainamishe kichwa na kusema neno hilo pamoja na wenzake huku mikono ikiwa mapajani, na hakuna Mjapani atakayeona kasoro.

Samaki mbichi, nguruwe na yanayohusu dini

Mambo haya yamalizwe na wazazi kabla ya siku yenyewe, kwa simu, wala asiachiwe mtoto kuyauliza mezani. Nyama ya nguruwe ni ya kawaida katika upishi wa Kijapani, na supu za ramen nyingi huchemshwa kwa mifupa yake. Vilevile sake na mirin, ambavyo ni vileo vya mchele, hutiwa ndani ya michuzi na vyakula vya kuchemsha hata pale ambapo havionekani. Mwenyeji aliyeambiwa mapema atafurahi kuandaa samaki, mayai, mboga na tofu. Aliyeambiwa wakati sahani ziko mezani ataona amewakosea wageni wake, na atajilaumu.

Kuhusu samaki mbichi, mtoto ajue kwamba si kila chakula cha Kijapani ni kibichi, na kwamba jodari anayemwona akipakuliwa vipande vyekundu pale ndiye yule yule anayekaangwa kwao. Akishindwa, aseme kwa upole kwamba ameridhika na alichonacho. Asikunje uso na asiseme neno la kuchukia, hata kwa Kiswahili, kwa sababu sura ya kinyaa haihitaji mkalimani. Na mzazi asijaribu kumzoeza kwa samaki aliyenunuliwa Marikiti au Kongowea, kwani samaki wa kuliwa mbichi hutunzwa kwenye baridi kali tangu anapovuliwa na hushughulikiwa kwa namna ya pekee ili kuepusha vimelea.

Sushi za vipande vya mchele vilivyotandikwa samaki zinaweza kuliwa kwa mkono, habari ambayo watoto huipokea kwa shangwe. Kipande huchovywa upande wa samaki, si wa wali, katika sosi kidogo ya soya, na huingia kinywani kizima kama kinywa kinatosha. Tangawizi ya siki iliyo pembeni ni ya kusafisha ladha kati ya kipande na kipande. Wasabi, ile rojo ya kijani, mtoto asiiguse mpaka umemwonjesha kwa ncha ya kijiti. Kwenye mikahawa ambako sushi huzunguka juu ya mkanda, mtindo ulioanza katika mkoa wa Osaka mwaka 1958, sahani ikishachukuliwa hairudishwi kwenye mkanda, na kilicho kwenye mkanda hakiguswi ila na atakayekila.

Samaki mzima wa kuchomwa huja kichwa kikiwa kushoto. Huliwa upande wa juu wote, kisha uti wa mgongo huinuliwa na kuwekwa kando, na upande wa chini huliwa bila kumpindua samaki. Mtoto anayejua kumla changu kwa mkono mpaka akabaki mifupa mitupu atauelewa mpango huu mara moja. Kinachobaki ni kuvizoesha vijiti.

Zamu ya kupakua

Njia nzuri ya kuyazoea haya yote nyumbani au darasani ni kuiga chakula cha shuleni cha Kijapani. Kilianza mwaka 1889 katika mji wa Tsuruoka, mkoani Yamagata, ambako watoto wa familia maskini walipewa wali uliofinyangwa, samaki wa chumvi na achari ya mboga. Sheria ya chakula cha shule ilitungwa mwaka 1954, na mwaka 2005 ikaja sheria nyingine inayohimiza elimu ya chakula. Leo watoto wa shule za msingi hula darasani pamoja na mwalimu wao. Wenye zamu huvaa makoti meupe na kofia, huleta masufuria kutoka jikoni, huwapakulia wenzao kwa kipimo sawa, na baada ya kula hurudisha vyombo.

Kwa siku moja ya juma, wape watoto wawili zamu hiyo. Wapakue wali katika mabakuli madogo, waweke bakuli la wali kushoto na la mchuzi kulia kwa kila mmoja, walaze vijiti mbele, wahakikishe kila mtu amepata, kisha wao ndio watangulize neno la kuanza. Mtoto aliyepakua na kungoja wenziwe watulie hujifunza kwa nini hakuna anayeanza kabla ya wengine, bila wewe kumhubiria. Kila mmoja apewe kidogo na aongezewe akitaka, maana punje za wali haziachwi bakulini. Watoto wa Kijapani huambiwa kwamba katika punje moja wamo miungu saba, au kwamba anayeacha wali macho yake yataharibika. Watoto wetu inatosha kuwaambia kwamba ni israfu.

Anapomaliza, mtoto avirudishe vyombo vilipokuwa, vifuniko juu ya mabakuli, miiba imekusanywa pembeni ya sahani, vijiti kwenye kitegemeo chake au ndani ya karatasi yake. Kisha aseme gochisosama deshita, yaani neno la kushukuru kwa chakula, kwa aliyepika hasa. Wageni wakiwa mkahawani nchini Japani, mzazi asiache bakshishi juu ya meza, kwa kuwa si desturi, na mhudumu anaweza kuwakimbilia barabarani akidhani wamesahau fedha zao.

Limebaki moja linalosahaulika na wakubwa kuliko watoto. Kwa Mjapani, shukrani ya chakula hurudiwa mara ya kwanza mtakapokutana tena, hata ikiwa wiki mbili zimepita. Mtoto akimkuta mama wa rafiki yake kwenye lango la shule, amwamkie, amshukuru kwa chakula cha siku ile, akitaja alichokipenda, na baada ya hapo aende zake kucheza.